Pareto: namna ya kuchuma, kukausha na kutengeneza dawa kabla nguvu haijapotea

Wengi wanaosema dawa ya wadudu ya maua ya pareto haifanyi kazi hawakukosea kwenye kuchanganya. Walikosea siku nyingi kabla, kwenye kapu, kwenye mkeka au kwenye gunia. Sumu ya ua hili huvunjika kwa mwanga, kwa joto na kwa muda. Tabia hiyo ndiyo inayofanya pareto ipendwe, kwa sababu haikai siku nyingi kwenye mboga wala kwenye udongo. Lakini ua halijui kama limeshafika shambani au bado liko ghalani: linaanza kupoteza nguvu tangu linapochumwa. Kwa hiyo maelezo haya yanafuata safari nzima ya ua, na mahali ambapo sumu hupotelea tutakaa kidogo.

Sumu iko wapi ndani ya ua

Pareto ya dawa ni Tanacetum cinerariifolium, asili yake pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo. Petali zake ni nyeupe, kitovu ni cha njano, na majani ni ya kijani-kijivu yaliyochanika-chanika kama ya karoti. Yuko ndugu yake mwenye maua mekundu au ya waridi, Tanacetum coccineum, anayepandwa zaidi kwa urembo. Sumu yake ni hafifu. Yapo pia maua mengi meupe ya bustanini yanayofanana na pareto lakini hayana sumu hiyo kabisa. Hakikisha mmea kwanza, maana kosa la hapa halirekebishiki mbele.

Sumu yenyewe huitwa pairethrini, na ni mkusanyiko wa kemikali sita zilizogawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza (pairethrini I, sinerini I na jasmolini I) ndilo lenye nguvu zaidi ya kuua. Kundi la pili (pairethrini II, sinerini II na jasmolini II) lina sifa ya kumwangusha mdudu haraka. Tofauti hiyo ya kuangusha na kuua iweke akilini. Itarudi tutakapofika kwenye kupima.

Pasua ua moja kwa ukucha uangalie. Chini ya vile viua vidogo vya njano vya katikati kuna vijimbegu vilivyosimama vikibanana juu ya kitako cha ua. Humo ndimo zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya pairethrini yote ilimo. Petali nyeupe zina kidogo sana, kikonyo kina kidogo zaidi. Watafiti wamefuatilia jinsi inavyotengenezwa: nusu moja ya molekuli, ile ya asidi, hutengenezwa kwenye vinyweleo vyenye tezi vilivyo juu ya kijimbegu, kisha huingia ndani na kuunganishwa na nusu nyingine kwa msaada wa kimeng'enya, yaani kichocheo cha kemikali ndani ya kiumbe. Kazi hiyo huchukua muda wote ambao ua linafunguka. Ndiyo maana ua changa halijajaa, na ua lililozeeka limeshaongeza uzito wa mbegu bila kuongeza sumu, tena huanza kumwaga vijimbegu vyenyewe.

Kuchuma

Kitovu cha njano hufunguka kwa safu, kuanzia ukingoni kwenda katikati. Safu iliyofunguka utaitambua: viua vyake vimepasuka vikawa kama nyota ndogo, na ukivigusa vinaacha chavua kidoleni. Safu ambayo haijafunguka bado ni vichwa laini vilivyofumba. Chuma wakati petali nyeupe zimelala sawa, zimenyooka kuelekea pembeni, na safu tatu au nne za nje za njano zimefunguka. Petali zikiwa bado zimesimama wima, acha. Petali zikianza kunyauka na kuinama chini na kitovu kikiwa cha kahawia, umechelewa. Yachume hata hivyo ili mmea uendelee kutoa mengine, ila usiyachanganye na yale mazuri.

Pitisha kichwa cha ua kati ya vidole viwili, sukuma kwa dole gumba, kikonyo kibaki kwenye mmea. Watu huona vikonyo ni jambo dogo. Piga hesabu: maua makavu yenye pairethrini asilimia 1.5, ukiwa na kilo 1 ya vikonyo ndani ya kila kilo 10, nguvu ya mzigo wote hushuka hadi karibu asilimia 1.35, na wala hujaanza kukausha.

Subiri umande ukauke kabla ya kuchuma. Ua lililolowa huchacha upesi. Tumia kapu la kusuka lenye kupitisha hewa, usishindilie, na usitumie mfuko wa plastiki hata kwa saa moja. Ukitaka kujua kwa nini, ingiza mkono katikati ya mfuko wa maua mabichi yaliyokaa tangu asubuhi: ndani ni moto. Maua bado yanapumua, joto halina pa kutokea, na sumu inaanza kuharibika humo humo. Rudi kwenye mmea uleule baada ya wiki mbili au tatu. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki mmea hutoa maua sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kuchuma hurudiwa-rudiwa kwa mkono. Tasmania, ambako maua hukomaa kwa msimu mmoja, huvuna kwa mashine.

Kukausha

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, na ndipo inafaa kuwa mkali.

Anza siku ileile ya kuchuma. Tandaza maua safu moja tu, yasilaliane, juu ya wavu au chekecheke iliyoinuliwa kutoka ardhini ili hewa ipite chini na juu. Mahali pazuri ni kwenye kivuli chenye upepo mkavu, au kwenye kikaushio cha jua ambacho kimefunikwa juu ili mwanga usiyapige maua moja kwa moja. Wakulima wengi hukausha juani, na ua likiwa zima sumu yake hupata kinga kidogo kwa kuwa vijimbegu vimejificha chini. Hata hivyo kivuli kinatunza zaidi. Kama huna namna ila jua, tandaza asubuhi, geuza mara kwa mara, na yaondoe mara tu yanapokauka. Kuyaacha siku ya ziada "yakauke vizuri" ni kuchoma sumu bure.

Ukitumia moto au hewa ya joto, pima kwa kipimajoto kilichowekwa katikati ya maua, kisiwe ukutani mwa kikaushio. Lenga nyuzijoto 50 za Selsiasi, na usivuke 60. Moshi usiguse maua.

Maua mabichi yana maji karibu asilimia 75 hadi 80. Lengo ni kufikia asilimia 10 au chini yake. Kwa mizani ni rahisi kufuatilia: maua mabichi yenye maji asilimia 78 yana gramu 220 tu za kitu kikavu katika kila kilo, kwa hiyo kilo moja ikishuka hadi karibu gramu 245, umefika. Kwa maneno mengine, kilo 4 na kidogo za maua mabichi hutoa kilo 1 ya makavu. Bila mizani, chukua ua ulisugue kati ya vidole. Kitovu lazima kisambaratike kiwe vumbi na vipande, na kile kitako cha ua kivunjike kwa mlio. Kikipinda, bado. Mtego uko hapo: petali hukauka mapema sana na kumdanganya mtu, wakati kitako bado kina maji.

Ukiona maua yamegeuka kahawia iliyoiva na yananuka kama pombe au ukungu, yamechacha. Kuyakausha zaidi hakurudishi kitu.

Kuhifadhi

Hifadhi maua yakiwa mazima. Unga una uso mkubwa unaoguswa na hewa na mwanga, kwa hiyo hupoteza nguvu haraka kuliko ua zima. Saga kile tu utakachotumia ndani ya wiki chache. Tumia debe au chombo kisichopitisha mwanga, kijaze hadi juu ili hewa ibaki kidogo, kifunge barabara, kikae mahali pa baridi. Andika tarehe ya kuchuma, siyo ya kufungasha.

Maua yakiwa na unyevu wa zaidi ya kiasi, fungua chombo baada ya siku tatu na unuse. Harufu nzuri ya pareto ni kali kidogo, ya majani makavu. Harufu ya uvundo ina maana yarudi kwenye chekecheke mara moja.

Kusaga na kuchanganya

Vaa barakoa na glavu. Vumbi la pareto huwasha pua na ngozi za baadhi ya watu, na kinachowasha mara nyingi siyo pairethrini bali kemikali nyingine za ua ambazo kiwandani huondolewa. Mwenye pumu asisage kabisa.

Saga kwa awamu fupi. Kinu cha umeme kikizunguka muda mrefu hupata joto, nalo ni adui uleule. Chekecha kwa chekecheo laini, urudishe kinuni kilichobaki. Unga mzuri una rangi ya njano-kijani iliyofifia. Unga huo unaweza kunyunyizwa mkavu kwenye nyufa na njia za mende, chawa wa kuku au siafu, safu nyembamba tu, mahali ambapo watoto na chakula havifiki.

Kwa kunyunyizia mimea kuna njia mbili, na zinatofautiana sana kwa nguvu kwa sababu pairethrini haiyeyuki kwenye maji.

Njia ya maji: chukua gramu 50 za unga, ulowanishe kwa maji kidogo yenye sabuni ya maji hadi uwe kama uji mzito, kisha ongeza maji hadi lita 10. Sabuni isizidi mililita 2 au 3 kwa kila lita. Acha saa mbili au tatu kivulini ukikoroga kila baada ya muda, chuja kwa kitambaa na ukamue kwa nguvu. Bila kuchuja, pua ya bomba itaziba. Unga wenye pairethrini asilimia 1.3 una gramu 0.65 katika gramu 50 hizo, sawa na asilimia 0.0065 kwenye lita 10 kama yote ingetoka. Haitoki yote. Dawa hii inatosha vidukari, thiripsi na viwavi wadogo. Kwa wadudu wagumu ongeza unga hadi gramu 100.

Njia ya spiriti: weka gramu 100 za unga kwenye chupa ya kioo ya kahawia, mimina mililita 500 za spiriti ya asilimia 95, funga, tikisa, uiache saa 24 gizani ukitikisa mara kadhaa. Chuja. Kimiminika hicho, mililita 50 kwa lita moja ya maji yenye sabuni kidogo, hutoa dawa ya karibu asilimia 0.01. Fanya kazi hii mbali kabisa na moto. Jaribu kwanza kwenye majani machache na usubiri siku moja, kwani spiriti huweza kuunguza machipukizi. Petroli usiitumie. Viwandani hutumia heksani, kiyeyushi kinachowaka upesi, na kisha hewa ya ukaa iliyogandamizwa, kwa mitambo iliyofungwa. Hakuna namna ya kuiga hilo jikoni kwa usalama.

Njia zote mbili zina masharti yaleyale. Usichemshe. Usichanganye na chokaa, majivu wala sabuni kali ya mche, kwa sababu pairethrini huvunjwa na vitu vya alkali. Na changanya kiasi cha siku hiyo. Mchanganyiko uliolala ndani ya bomba siyo dawa tena ya kutegemea.

Ufuta, na sababu yake

Pairethrini huvuruga neva za mdudu: milango midogo inayopitisha sodiamu, ambayo hufunguka na kufungwa kila neva inapotuma ishara, huchelewa kufungwa. Neva hurusha ishara mfululizo, mdudu anatetemeka, anaanguka. Lakini wadudu wengi wana vimeng'enya vya kuivunja sumu hiyo. Dozi ikiwa ndogo, mdudu aliyeanguka huisafisha mwilini mwake na baada ya saa chache anainuka na kwenda zake.

Mwaka 1940 iligundulika kwamba mafuta ya ufuta huongeza makali ya pareto. Ndani yake kuna sesamini na sesamolini, ambazo huzuia vimeng'enya hivyo, na kutokana na ugunduzi huo ikaja piperonili butoksaidi inayowekwa kwenye dawa nyingi za viwandani. Kwa matumizi yako, mililita 5 za mafuta ya ufuta yasiyosafishwa kwa kila lita ya dawa zinatosha. Yachanganye na sabuni kwanza hadi yawe meupe kama maziwa, ndipo uongeze maji. Yakielea juu kama tabaka, hayajachanganyika, na yataunguza majani yatakayoyapata mengi.

Pima kabla ya kuamini

Bila kupima hujui kama una dawa au maji ya njano. Jaribio lifuatalo linahitaji mitungi midogo 15, kitambaa chepesi cha kufunika, na majani yenye vidukari.

1. Tayarisha vimiminika vitatu: maji matupu, maji yenye sabuni, spiriti na mafuta kwa vipimo vilevile vya dawa lakini bila pareto, na dawa kamili.
2. Chovya jani lenye wadudu 10 kwa sekunde 5, liache lidondoke, liweke mtungini juu ya karatasi yenye unyevu. Rudia hadi kila kimiminika kiwe na mitungi mitano, yaani wadudu 50.
3. Weka mitungi kivulini. Hesabu walioanguka baada ya dakika 10, kisha saa 1.
4. Hesabu waliokufa baada ya saa 24. Mgonge mdudu taratibu kwa ncha ya brashi. Asiyetikisa hata mguu ndiye aliyekufa.

Kile kimiminika cha pili ndicho muhimu kuliko vyote, na ndicho watu hukiruka. Sabuni peke yake huua vidukari, mafuta pia. Ukilinganisha dawa yako na maji matupu utaipa pareto sifa za sabuni. Tumia kanuni ya Abbott ya mwaka 1925: toa asilimia ya vifo vya kimiminika cha pili kwenye asilimia ya vifo vya dawa, gawanya kwa 100 ukitoa vifo hivyo vya kimiminika cha pili, zidisha kwa 100. Mfano, wamekufa 5 kati ya 50 kwenye sabuni (asilimia 10) na 41 kati ya 50 kwenye dawa (asilimia 82). 82 toa 10 ni 72. Gawanya kwa 90. Pareto yenyewe imeua asilimia 80. Vifo vya kimiminika cha pili vikizidi asilimia 20, punguza sabuni au mafuta urudie, maana matokeo hayasomeki.

Matokeo yenyewe yanaeleza kosa liko wapi. Wadudu wote wakianguka ndani ya dakika 10 na nusu yao wakawa wameamka kesho yake, sumu ipo lakini dozi ni ndogo, au ufuta umekosekana. Wasipoanguka kabisa, ua limepoteza nguvu kwenye kukausha au ghalani. Ila kabla ya kulitupa, jaribu kwa aina nyingine ya mdudu: wadudu waliozoea dawa za viwandani za jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga pairethrini, hasa baadhi ya mbu na inzi, huwa na milango ya sodiamu iliyobadilika, na hao huvumilia pareto pia.

Kwa kutumia mitungi hiyohiyo unaweza kujionea kazi ya jua. Gawa unga mmoja mara mbili, nusu moja itandaze kwenye sahani juani kwa siku mbili, nusu nyingine ibaki kwenye kopo gizani, kisha pima zote.

Kunyunyizia

Dawa lazima imguse mdudu mwenyewe. Haiingii ndani ya mmea, na juani hubaki na nguvu kwa dakika au saa chache tu. Kwa hiyo nyunyiza jioni, jua likishapoa, na elekeza pua ya bomba chini ya majani ambako vidukari na inzi weupe hukaa. Jioni inafaa kwa sababu ya pili pia: nyuki wamesharudi mzingani. Pareto huua nyuki sawa na inavyoua kidukari, kwa hiyo usinyunyize mimea iliyo kwenye maua mchana. Rudia baada ya siku tatu hadi tano kama mayai yameangua wengine.

Samaki na viumbe wa majini huathirika kwa dozi ndogo sana. Usioshe bomba mtoni wala kwenye bwawa, na acha nafasi pana kati ya unyunyiziaji na maji. Paka wasilambe wala kulalia mahali palipotiwa unga. Mboga zioshwe kabla ya kuliwa. Anayetaka kufungasha na kuuza dawa hii anahitaji kuisajili kwa mamlaka ya viuatilifu ya nchi yake, kwa vipimo vya maabara vinavyoonyesha asilimia halisi.

Kwa anayepanda mwenyewe

Pareto inataka baridi ili itoe maua: siku kama kumi zenye joto chini ya nyuzi 16 huanzisha vichipukizi vya maua, na joto la kudumu juu ya 24 huvizuia. Kwenye joto utapata kichaka kizuri cha majani. Udongo usituamishe maji, mizizi huoza. Panda kwenye matuta, sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya miche. Mmea haujichavushi wenyewe, kwa hiyo mbegu huzaa watoto wasiofanana na mama. Ukipata shina lenye maua mengi na yenye nguvu, lichimbue, ligawanye katika vipande vyenye mizizi, upande vipande hivyo.

Makapi yaliyobaki baada ya kuchuja yapeleke kwenye mboji. Dawa iliyosalia kwenye bomba imwage juu ya udongo mkavu wenye jua, mbali na maji.